Muhula Mmoja kwa Shangazi

Kila shule zilipofungwa, Fundi alibandika karatasi ukutani, kando ya mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mtoto mwenye haraka ya kwenda kunywa maji asingeweza kusema hakuiona. Saa kumi na mbili na nusu, kutandika vitanda. Saa moja, kufagia vyumba na kupiga deki sebuleni. Viatu vikae nje, vimepangwa kwa ukubwa. Nguo chafu ziingie ndani ya tenga, zisiachwe juu ya kifuniko chake. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, mtoto yeyote asionekane sebuleni.

Hakuwa mkali kwa kupenda. Sebule ile ndiyo iliyokuwa karakana yake. Alishona magauni ya harusi, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine mtaani mwenye mkono kama wake, watu walimwita Fundi tu, mpaka mumewe naye akajikuta anamwita hivyo mezani. Sebuleni mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, kioo cha kumwonyesha mtu tangu utosini hadi nyayoni, na sanamu ya mbao isiyo na kichwa, iliyovalishwa gauni lolote lililokuwa linashonwa wakati huo. Mabibi harusi walikuja na mama zao na rafiki zao, wakajipanga kwenye kochi, na kitu cha kwanza walichokitazama kilikuwa sakafu. Fundi alilijua hilo. Mteja akiona ganda la karanga chini ya kochi, ataanza kutafuta doa kwenye satini hata kama halipo.

Siku za shule mambo yalikwenda barabara. Likizo ndiyo iliyokuwa na kazi. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Dada na kila mtu, baba yake akiwemo. Huyo aliokota vitu kabla hajaambiwa. Wa mwisho, Kidogo, alikuwa na miaka mitatu na ukimlaza mchana ulikuwa umemmaliza. Shughuli ilikuwa kwa wa kati, mvulana wa miaka minane. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kasuku, maana alianza kuongea kabla meno hayajamtosha mdomoni, na tangu hapo hakuwa amepumzika.

Ukitaka kujua Kasuku amepitia wapi, ulifuata vitu: soksi moja hapa, daftari limefunguliwa pale, kikombe juu ya dirisha, mlango wa kabati wazi. Alikuwa na redio yake mwenyewe. Ilikuwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitakoni, na alitangaza akiwa chini ya meza ya kukatia, ambako kitambaa kilichoning'inia kilimfanyia pazia. Alitangaza mpira, alitangaza hali ya hewa, alitangaza mambo ya humo ndani.

"Wasikilizaji, bibi harusi ameingia," alisema siku moja kutoka chini ya meza, wageni wakiwa ndio kwanza wanakaa. "Ameongozana na watu wanne. Fundi alimwambia saa nane, na sasa hivi ni saa tisa na robo. Tunasubiri kusikia atajitetea vipi."

Mama wa bibi harusi alicheka mpaka akatoa leso. Fundi hakucheka. Alimtoa Kasuku kwa mkono, akamfikisha uani, akamrudishia kopo lake. Alicheka baadaye jikoni, peke yake, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni ili mtoto asije akamwona na kupata kichwa. Miaka mingi baadaye hicho nacho kilimkereketa: kwamba alicheka sana kwa ajili ya yule mtoto, na mtoto hakuwahi kujua.

Mwaka huo likizo ilirefushwa. Mabati ya madarasa yalikuwa yanabadilishwa, kazi ikachelewa, na wiki nne zikawa saba. Juu ya hayo mvua ikaanza. Watoto wasingeweza kucheza nje, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule, jiko na kibaraza cha nyuma. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa. Aliondoka kila Jumamosi, na kurudi kwake kulitegemea barabara. Fundi alikuwa na magauni matatu ya kutoa ndani ya wiki tatu. Aliamka na kufagia, akashona, akafagia tena. Kila alipoinua kichwa kwenye cherehani aliona kitu ambacho hakikuwapo alipoinamisha.

"Dada, nani ameleta mchanga ndani?"

"Kasuku, mama."

"Nani ameacha bomba linadondosha?"

Dada alikwenda kulifunga. Alikuwa amechoka kulitaja jina hilohilo.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tatu. Kwenye sanamu lilikuwa limevalishwa gauni la satini lililotakiwa Ijumaa, lenye mkia mrefu uliotandazwa sakafuni juu ya shuka safi. Mvua iliyokuwa imenyamaza tangu asubuhi ikashuka tena kwa mpigo, na Fundi na Dada wakakimbilia uani kuanua nguo. Kasuku walimpita kibarazani. Alikuwa ameinamia daftari, anaandika taarifa yake ya habari kwa kalamu iliyokuwa inavuja.

Fundi aliporudi na furushi la nguo begani alimkuta katikati ya sebule. Ilikuwa saa tisa, saa ya marufuku. Alikuwa ameukumbatia mkia wa gauni kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na vidole vyake vyote vilikuwa vya bluu.

"Mama, maji yanaingia," alisema.

Ni kweli maji yalikuwa yanaingia. Yalipita chini ya mlango wa mbele, yakawa yameshaloanisha nusu ya shuka, na yalikuwa yanasogea. Fundi aliyaona. Katika miaka yote aliyojisimulia siku ile hakuweza kujidanganya kwamba hakuyaona. Aliyaona maji, akamsikia mtoto, akaelewa kwamba gauni lilikuwa limeokolewa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye alama za vidole, na hasira ilikuwa imeshaanza safari; hakuwa na nguvu ya kuirudisha.

"Weka chini."

"Nikiweka chini litalowa."

"Nimesema weka chini."

Akaliweka. Likalowa.

Hakumpiga. Mara nyingi alifikiri kwamba afadhali angempiga kofi moja, mtoto akalia, jioni yakaisha. Badala yake alisimama na furushi begani, akasema kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia kwa wateja waliomchelewesha, "Wewe na nyumba hii hamwezi kukaa pamoja. Kila ulipo pana uchafu."

Dada alikuwa mlangoni. Alimwangalia mama yake, kisha akamwangalia mdogo wake, akaenda kutafuta tambara la kuzuia maji.

Jioni ile Fundi alimpigia simu wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, hakujaliwa mtoto, na aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari. Alifuga kuku wa mayai. Nyumba yake ilikuwa kubwa na ilikuwa shaghalabaghala: magunia ya chakula cha kuku ukumbini, trei za mayai juu ya televisheni, na mara nyingine kuku mwenyewe anakatiza sebuleni kama mwenye nyumba. Fundi alipomtembelea alikaa kitini mguu nje mguu ndani, akihesabu saa za kuondoka. Ila moyo wa wifi yake ulikuwa mzuri, hilo hakulikataa.

"Wifi, nisaidie kukaa na Kasuku likizo hii. Huku nimezidiwa."

"Kukaa naye tu?" wifi alisema, na ungeweza kusikia kwamba anatabasamu. "Mlete leo."

Mumewe alirudi Alhamisi. Safari yake ya Jumamosi ilipita mji ule, kwa hiyo ikawa rahisi. Fundi alimpangia mtoto begi: mashati matatu yamepigwa pasi, kaptura, taulo, mswaki ndani ya kifuko chake. Kopo la redio halikuingia. Alisema litachakaza nguo.

"Nitarudi lini?" Kasuku aliuliza.

"Shule zikifunguliwa."

Mtoto ambaye hakumaliza dakika bila neno alipanda lori kimya. Baba yake alimpigisha honi, kitu alichokuwa akikililia tangu ana miaka mitatu. Akaibonyeza mara moja, akaacha.

Gauni lilikuwa limetoka salama. Fundi alifumua kipande kimoja cha mkia, akakata kingine, akakishona kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi. Bibi harusi alizunguka mbele ya kioo na hakuona kitu.

Na nyumba ikatulia. Hili ndilo lililomtia aibu kuliko yote baadaye. Alijuta kumpeleka, ndiyo, lakini alijuta zaidi kwamba alifurahi. Alifagia asubuhi na jioni sakafu ilikuwa vilevile. Vikombe vilikaa kabatini. Alishona magauni mawili yaliyobaki bila kuinua kichwa, na siku moja alijisikia anaimba. Kidogo aliuliza Kasuku yuko wapi, akamjibu yuko kwa shangazi anakula mayai. Dada hakuuliza. Alipiga deki, akapanga viatu. Jozi zilikuwa zimepungua moja, basi alizisogeza nyingine ili pengo lisionekane.

Siku chache kabla shule hazijafunguliwa wifi alipiga simu. Alianza kwa kuzunguka, akauliza hali ya mvua, hali ya mgongo, hali ya kazi. Kisha akasema karibu na kwake palikuwa na shule nzuri, mwalimu mkuu walifahamiana, na mtoto alikuwa amepata rafiki jirani. Kwa nini asimalizie muhula mmoja huko, maadamu Fundi amebanwa?

Fundi alitazama sebule yake. Alikuwa amepokea kazi nyingine, bibi harusi na wasimamizi wanne, sare za rangi moja.

"Muhula mmoja tu?"

"Mmoja tu, wifi yangu."

Mumewe alikuwa mezani anakula. "Umemuuliza mwenyewe?" alisema.

Wakamwita Kasuku kwenye simu. Fundi alimuuliza kama angependa kukaa kwa shangazi mpaka likizo nyingine. Upande wa pili kuku walilia, mlango ukagongwa na upepo.

"Mama, ukisema nirudi, nitarudi," alisema.

Fundi aliyasikia maneno hayo kama yalivyomfaa. Aliyasikia kama mtoto mtiifu anayekubali lolote. Hakusikia kwamba mtoto alikuwa ameacha mlango wazi, amesimama nyuma yake, anangoja kuitwa.

"Basi malizia muhula, baba," akasema. "Uwe na adabu kwa shangazi."

"Ndiyo, mama."

Alikata simu, akarudi kwenye mkasi.

Muhula ukaisha, Kasuku akaja likizo. Fundi alikwenda kumpokea kituoni akiwa na hamu naye. Alikuwa amerefuka. Alivua viatu nje na kuviweka sawa na vya wenzake, akaingia, akasimama katikati ya sebule na begi mkononi.

"Nikae wapi?" aliuliza.

Alisema kwa heshima kabisa. Hapakuwa na kinyongo kwenye sauti, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Mtoto aliuliza kama anavyouliza mteja.

Likizo ile nzima hakuangusha kitu. Alikunywa chai na kuosha kikombe palepale. Alikunja shuka. Saa nane ikifika alikuwa ameshatoka sebuleni bila kukumbushwa. Chini ya meza hakuingia. Fundi alilitoa lile kopo kabatini, akaliweka juu ya kitanda chake. Kesho yake akalikuta limerudishwa kabatini, limefutwa vumbi. Siku moja alishindwa kuvumilia, akawaambia watoto wote watatu, "Leo hakuna sheria. Chezeni sebuleni, mimi sishoni." Kidogo alipiga makofi akaanza kuruka kwenye kochi. Kasuku alitabasamu, akasema ahsante mama, akachukua kitabu akaenda kukaa kibarazani.

Fundi alimfuata Dada jikoni. "Mdogo wako kawaje? Mbona haongei?"

"Anaongea," Dada alisema, akiwa anamenya viazi. "Nilipokwenda na baba kwa shangazi mwezi uliopita aliongea mpaka shangazi akamkanya. Haongei hapa tu."

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema rudi. Fundi alilijua. Alijipa moyo kwamba atasema siku ya mwisho, kisha siku ya mwisho ikafika na alipomtazama mtoto, tayari na begi lake amelipanga mwenyewe, aliogopa. Aliogopa kumuuliza akajibiwa hapana. Muhula wa pili ukapita, na wa tatu. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua kwamba mtoto ahamie. Vitabu vyake vilikuwa kule, rafiki zake kule, kadi yake ya zahanati kule. Ikafika mahali watu wa mtaani wakimuuliza Fundi ana watoto wangapi alisema watatu, na mtu akihesabu akaona wawili, alilazimika kueleza, na kila mwaka maelezo yalikuwa marefu kuliko ya mwaka uliopita.

Mumewe hakumlaumu. Siku moja tu, wakiwa wanakunja shuka, yeye ncha hii na mkewe ncha ile, alisema, "Mimi ndiye niliyempeleka. Na mimi nilikuwa napita pale kila wiki na lori tupu wakati wa kurudi." Kisha akamletea Fundi ncha yake.

Kasuku alimaliza shule, akajifunza ufundi wa lifti, akawa anapanda majengo marefu ya mji ule na sanduku lake la vifaa. Alioa huko. Gauni la mkewe lilishonwa na Fundi, ambaye hakuwahi kushona jingine kwa makini kama lile. Siku ya sherehe kijana alisimama kuwatambulisha watu wake. Akasema, huyu ni baba yangu, huyu ni mama yangu mzazi. Kisha akamshika mkono shangazi yake na kusema, na huyu ndiye mama. Watu wakashangilia. Fundi naye alipiga makofi, na alipiga kwa moyo, maana lilikuwa neno la haki. Lakini aliporudi kukaa alitafuta kiti kwa mkono kama mtu aliye gizani.

Miaka ikasogea. Macho ya Fundi yalianza kukataa kazi ya sindano. Cherehani moja akaiuza, nyingine akaifunika. Mumewe aliacha lori. Dada na Kidogo walikuwa na maisha yao. Ndipo wifi akateleza kwenye banda la kuku akavunjika nyonga.

Ilikuwa ndio kwanza shule zimefungwa. Watoto wawili wa Kasuku, msichana wa miaka tisa na mvulana wa sita, walikuwa wakishinda kwa wifi kila likizo, wazazi wao wakiwa kazini. Sasa wifi alikuwa kitandani na hakukuwa na wa kuwaangalia. Fundi hakungoja kuombwa. Alifunga mzigo akaenda.

Nyumba ilikuwa kama alivyoikumbuka, au imezidi. Asubuhi ya kwanza, watoto walipofika, walimwamkia, wakavua viatu popote vilipoangukia, wakaburuta viti vyote sebuleni, wakafunga kamba kutoka kiti hadi dirishani na kutoka dirishani hadi mlangoni, wakaning'iniza kikapu. Ilikuwa lifti. Ilibeba mayai yaliyochemshwa, ikabeba viatu, ikakwama, fundi wa lifti akaitwa. Adhuhuri hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Fundi alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akainama kufungua fundo la kwanza.

"Wifi," sauti ilitoka chumbani, mlango ukiwa wazi. "Hiyo usiiguse."

"Wifi, mtu akija humu atapita wapi?"

"Atainama. Ngoja saa kumi na moja."

Fundi aliketi. Saa kumi na moja wifi alipiga bakora yake ukutani mara tatu, na wale watoto, bila kuulizwa, wakaanza kuokota. Walibishana nani alileta nini, wakasukumana, wakafungua kamba, wakarudisha viti, mkubwa akafagia na mdogo akashika kizoleo. Fundi alitazama saa ya ukutani. Ilichukua robo saa. Siku nzima ya vurugu ilikuwa imehitaji robo saa, na sebule ikarudi kuwa sebule.

Aliinuka akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria ambazo hakuwa na haja nazo. Alipiga hesabu ya robo saa. Alikuwa na nyingi sana katika likizo zile, wateja wakishaondoka.

Siku ya nne, alipokuwa anampangusa wifi mgongo kwa maji ya uvuguvugu, wifi alisema akiwa ameelekea ukutani, "Nina jambo, na nikiwa nimekupa kisogo hivi naona rahisi kulisema."

"Sema."

"Muhula ule wa kwanza, mtoto alikuwa anakaa kizingitini kila Jumamosi. Lori la baba yake lilikuwa linapita Jumamosi. Nilijua anangoja kuitwa nyumbani. Ningekupigia simu nikakwambia, ungemchukua. Sikupiga. Nilikuwa nimeshazoea sauti ndani ya nyumba."

Fundi aliendelea kupangusa. Maji yalidondoka kwenye beseni. Alitafuta hasira, kwa sababu ilikuwa haki yake kuwa nayo, akakuta haipo. Huyu mwanamke alikuwa amemtaka mtoto wake. Lipi lilikuwa kosa kubwa, kumtaka sana au kumpa mtu?

"Ungepiga, huenda ningesema amalize muhula," alijibu. "Ndivyo nilivyokuwa."

"Huwezi kujua."

"Siwezi kujua," alikubali, akamvalisha gauni la kulalia.

Kasuku alifika kuwachukua watoto kila siku alipotoka kazini, nguo zina harufu ya grisi. Alimsalimia mama yake kwa adabu, akamuuliza kama amekula, kama miguu inamuuma. Kisha aliingia kwa shangazi yake na hapo ndipo Fundi, akiwa jikoni, alimsikia mwanawe. Aliongea bila kuvuta pumzi. Alimwigiza bosi wake, alimwigiza mpangaji wa ghorofa ya tisa aliyekwama na mbwa, na wifi akicheka na kulalamika kwamba nyonga itaachia tena. Fundi alizima moto ili sufuria isimzuie kusikia.

Jioni moja ya wiki ya pili, jua likiwa bado juu ya paa la banda, alimsindikiza hadi kwenye gari. Watoto walikuwa wameshapanda nyuma, wanagombea dirisha.

"Mwanangu, nataka nikuombe radhi."

"Ya nini, mama?"

"Ya siku ile ya gauni. Ulikuwa unaliokoa, na mimi niliona. Na ya ile simu. Ulinipa nafasi nikasema malizia muhula."

Kasuku alichezea funguo mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu juu ya masikio, na Fundi hakuwa amewahi kuziona kwa karibu.

"Nilikusamehe zamani," alisema. "Nilikuwa na miaka kama kumi na tano. Nilikaa nikafikiri, nikaona ulikuwa umechoka tu, na ulikuwa peke yako. Sina kitu moyoni, mama. Nakwambia kweli."

"Ahsante."

"Ila kwako sijazoea." Alisema polepole, akichagua maneno. "Nikifika kwako mwili wenyewe unakaa kama mgeni. Sifanyi makusudi. Najaribu, lakini unakaa hivyo."

"Najua. Nimekuona."

"Usilie."

"Silii."

Alikuwa halii kweli. Alikuwa ameshika mlango wa gari, na aliuachia alipoona kwamba anamchelewesha.

"Likizo ijayo niletee watoto," alisema. "Wakae kwangu."

Kasuku alitazama nyuma walipokaa wanawe, kisha akatazama barabara. Fundi alimwona anapima, na hakumlaumu kwa kupima.

"Nitaongea na mama yao," alisema mwishowe. "Tuanze na siku mbili. Wakizoea, tutaona."

"Siku mbili zinatosha."

Gari likaondoka. Fundi akarudi ndani kumsaidia wifi yake kugeuka; daktari alikuwa amesema asilalie upande mmoja muda mrefu.